GEORGE BOOLE, MWANA WA MSHONA VIATU

Kurasa za watu mashuhuri aghalabu hutupa habari za wapigania uhuru, viongozi na wanariadha. Safari hii nimekuletea mtu ambaye hakuongoza jeshi, hakupigiwa kura na wala hakukimbia mbio zozote. Hata hivyo, kila mara mtu anapotafuta matokeo yake ya mtihani kwa tarakilishi, au anapoangalia kwenye simu kama pesa zimeingia, kazi ya huyu bwana imo ndani. Jina lake ni George Boole. Wale wenzangu wanaosoma somo la kompyuta wamelisikia, lakini wengi hudhani ni jina la mashine! La hasha. Alikuwa mtu kama mimi na wewe, na tena maskini.

Utoto wake

Boole alizaliwa tarehe 2 Novemba 1815 katika mji wa Lincoln, nchini Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika jamii ya watoto wanne. Babake, John Boole, alikuwa mshona viatu, na mamake, Mary Ann, aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba za watu. Usidhani kila Mzungu wa zama hizo alikuwa tajiri. Wengi walihangaikia kodi ya nyumba vile vile tunavyohangaika sisi huku Kayole ifikapo mwisho wa mwezi.

Huyu mzee John alikuwa fundi wa ajabu kidogo. Moyo wake haukuwa kwenye soli na kisigino. Alipenda hisabati, na alipenda kutengeneza darubini kwa mikono yake mwenyewe. Aliweka hata tangazo dukani mwake akiwaalika watu waje watazame mbinguni kwa darubini yake. Sasa wewe fikiria fundi viatu wetu wa pale stejini akiacha viatu vya watu vikimngoja, huku yeye anasugua vioo vya kutazamia nyota. Wateja si watahama? Ndivyo ilivyotokea. Biashara ilidhoofika mwaka hata mwaka. Lakini kile alichomkosesha mwanawe kwa upande wa fedha, alimpa kwa upande wa akili, kwa maana yeye ndiye aliyemfundisha hesabu za mwanzo.

George alisoma shule za kawaida tu pale mjini. Kilatini alifundishwa na rafiki wa familia aliyekuwa muuza vitabu. Kigiriki alijifunza mwenyewe, bila mwalimu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki cha kale, na babake kwa kuona fahari akalipeleka gazetini. Kumbe alikuwa amechokoza nyuki! Mwalimu mmoja aliandika kupinga, akidai kuwa mtoto wa umri ule hawezi kabisa kufanya kazi ya namna ile. Nadhani hata hapa shuleni tunawajua wanaodhani kwamba ukitoka nyumba ya chini na ukiandika vizuri, basi lazima umenakili mahali.

Mwalimu wa miaka 16

Mwaka wa 1831 mambo ya nyumbani yalienda kombo kabisa. Duka la baba lilishindwa. George alikuwa na miaka 16, umri huu wangu ninapoandika makala haya, na ndoto yake ya kuendelea na masomo ikakatika. Akaenda mji wa Doncaster kuwa mwalimu msaidizi ili mshahara wake uwalishe wazazi na wadogo zake. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwa mwanafunzi tena, wala hakukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi maisha yake yote.

Basi akasomaje? Alisoma usiku, baada ya kusahihisha kazi za watoto. Inasemekana alichagua vitabu vya hisabati kwa sababu ya uchache wa pesa. Kitabu cha hadithi ukikinunua unakimaliza kwa siku mbili. Cha hisabati kinaweza kukukalisha miezi, kwa hiyo kila senti inafanya kazi. Alianza na vitabu vya Wafaransa, na kwa vile vilikuwa vya Kifaransa, ilimbidi ajue lugha ile pia. Inasimuliwa kwamba wazazi wa wanafunzi pale Doncaster walinung'unika kuwa mwalimu huyu anafanya hesabu siku ya Jumapili, hata kanisani, na kazi ile ikaisha.

Alipofika umri wa miaka 19 alirudi Lincoln na kufungua shule yake mwenyewe. Fauka ya hayo, alifundisha katika taasisi ya mafundi na wafanyakazi wa mji huo, na aliunga mkono wale waliotaka maduka yafungwe mapema ili vijana wa kuuza dukani wapate saa za kupumzika na kusoma. Hakuwa amesahau alikotoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1840 makala yake ya hisabati yalianza kuchapishwa katika jarida la huko Cambridge. Mhariri wake, kijana aliyeitwa Duncan Gregory, hakuuliza cheti. Aliangalia kazi. Mwaka wa 1844 shirika kuu la wanasayansi la Uingereza, Royal Society, lilimtunuku Boole nishani ya dhahabu kwa makala aliyoyaandika. Mwaka huo huo, kwa taarifa yako, Ludwig Krapf alifika Mombasa, na baadaye akaandika sarufi na kamusi ya Kiswahili. Nairobi yenyewe ilikuwa bado haijakuwapo. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899.

Mwaka wa 1849 Boole aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha mji wa Cork, Ireland. Profesa asiye na digrii! Alikuta nchi imeharibiwa na njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Hapo ndipo alipokaa hadi mwisho wa uhai wake.

Kazi aliyoifanya

Sasa tuingie kwenye kiini. Tangu zama za Aristotle, mantiki, yaani elimu ya kufikiri sawasawa, iliandikwa zaidi kwa maneno. Boole aliuliza swali ambalo tukilitazama leo tunaona ni rahisi: mbona tusiifanye mantiki kwa alama kama tunavyofanya aljebra? Mwaka wa 1847 alitoa kitabu kidogo kuhusu jambo hilo, na mwaka wa 1854 akatoa kikubwa kuhusu kanuni za fikira.

Hebu nikueleze kwa mfano wa hapa nyumbani. Tuseme tarakimu 1 ni wanafunzi wote wa shule, na 0 ni hakuna mtu. Herufi x iwe ni wale wanaoishi Kayole, na y iwe ni wale wanaocheza kandanda. Ukiandika xy, unawachagua wanaoishi Kayole na pia wanacheza kandanda. Ukiandika 1 – x, unawapata wasioishi Kayole, kama vile wenzetu wa Komarock na Umoja. Je, xx ni nini? Ni wanaoishi Kayole miongoni mwa wanaoishi Kayole, yaani ni wale wale! Kwa hiyo xx ni sawa na x. Katika hesabu za kawaida ni nambari mbili tu zinazotii sharti hilo, nazo ni 0 na 1. Ndiyo maana hesabu ya Boole ina 0 na 1 tu: la na ndiyo. Tena, x ikizidishwa kwa 1 – x inatoa 0, maana hakuna mtu anayeweza kuishi Kayole na wakati huo huo asiishi Kayole. Hata mwenye nyumba mkali hawezi kupinga hilo.

Neno lililomsumbua ni AU. Sisi Waswahili tunalijua vizuri tatizo hili. Mgeni akiulizwa kama atakunywa chai au kahawa, anatarajiwa achague moja. Lakini tangazo likisema aje mwenye jembe au panga, mwenye vyote viwili hafukuzwi. Boole alitumia alama ya kujumlisha pale tu ambapo makundi mawili hayana mtu wa pamoja. Mwingereza mwingine, William Stanley Jevons, aliona kwamba ni bora AU imkubali pia mwenye vyote viwili, na hiyo ndiyo maana ambayo tarakilishi zinaifuata hadi leo. Elimu ni bahari, hata bingwa huachia wenzake pa kuogelea.

Mwisho wake

Mwaka wa 1855 Boole alimwoa Mary Everest, mpwa wa yule George Everest ambaye mlima mrefu kuliko yote duniani umepewa jina lake. Walijaliwa mabinti watano. Alicia alikuja kuwa bingwa wa jometri ingawa hakwenda chuo kikuu. Lucy alikuwa mwanakemia. Ethel aliandika riwaya iliyosomwa na watu wengi sana Urusi na China. Wale wanaosema hisabati si ya wasichana wanyamaze kidogo.

Tarehe 24 Novemba 1864 mvua kubwa ilinyesha Cork. Boole alikuwa na kipindi. Alitembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi chuoni, mwendo wa karibu maili tatu, akafundisha na nguo zikiwa zimelowa chepechepe. Homa ikampata, ikageuka kichomi. Inasimuliwa kwamba mkewe aliamini dawa ya ugonjwa hufanana na kilichouleta, akamtia maji zaidi kitandani. Ikiwa ni kweli, mapenzi yalikosa elimu ya tiba. Boole alifariki tarehe 8 Desemba 1864 akiwa na umri wa miaka 49. Kitindamimba wake alikuwa hata hajatimiza mwaka mmoja. Mjane alihamia London kutafuta kazi ili alee wanawe.

Mbegu iliyoota baadaye

Wakati anazikwa, watu wengi hawakuona faida ya aljebra yake. Mbegu ilikaa udongoni miaka mingi. Mwaka wa 1937 kijana Mmarekani, Claude Shannon, mwenye umri wa miaka 21, alionyesha kwamba swichi za umeme zinatii kanuni za Boole. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, taa inawaka tu zote zikifungwa: hiyo ni NA. Zikiwekwa sambamba, moja ikifungwa taa inawaka: hiyo ni AU. Kutokana na swichi za namna hiyo tarakilishi zikajengwa.

Lakini kujenga mashine ni jambo moja, kuiuliza maswali ni jambo jingine. Mwaka wa 1970 Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa rubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kisha akafanya kazi Marekani katika kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba kumbukumbu zote ziwekwe kwenye majedwali, na mtu aziulize kwa mantiki. Wewe sema unachokitaka. Njia ya kukitafuta iachie mashine. Mwaka wa 1974 wenzake wawili wa IBM wakatoa lugha ya kuuliza ambayo leo inaitwa SQL, nayo imeenea kote ulimwenguni.

Chukua lile daftari la madeni la duka la mtaani. Lina jina, tarehe, kiasi na kama mtu amelipa. Mwenye duka anataka kujua nani anadaiwa zaidi ya shilingi 500, NA hajalipa, NA anaishi Masimba AU Nyando. Kwa daftari atafunua kurasa hadi usiku. Hifadhidata inamjibu mara moja. Ila angalia mtego! Usipofungia mabano maneno yale ya Masimba AU Nyando, mashine itachukua wadaiwa wa Masimba, halafu itaongeza kila mtu wa Nyando aliye daftarini, hata ambaye hadaiwi chochote. Watu wanaweza kuonewa kwa sababu ya mabano tu.

Watafiti hawakukomea hapo. Mwaka wa 1972 Mfaransa Alain Colmerauer na wenzake wa Marseille waliunda lugha ya mantiki iitwayo Prolog. Mwaka wa 1977 wataalamu wa mantiki na wa hifadhidata walikutana Toulouse, na katika miaka iliyofuata ikazaliwa lugha ya kuuliza iitwayo Datalog. Katika Datalog unaandika mambo mawili tu: habari na kanuni. Habari zetu ziwe hizi: kuna matatu kutoka Kayole hadi mjini, kuna matatu kutoka mjini hadi Ngong, kuna matatu kutoka Ngong hadi Kiserian. Kanuni ziwe mbili. Ya kwanza: kama kuna matatu kutoka hapa hadi pale, basi unaweza kufika pale. Ya pili: kama kuna matatu kutoka hapa hadi pale, na kutoka pale unaweza kufika kule, basi unaweza kufika kule. Sasa uliza kama mtu wa Kayole anaweza kufika Kiserian. Hakuna aliyeiambia mashine jibu hilo, lakini inalipata yenyewe kwa kurudia kanuni ya pili. SQL haikuwa na uwezo huo wa kurudia katika kanuni zake rasmi hadi mwaka wa 1999. Leo lugha za jamii ya Datalog zinatumika kusaka makosa ndani ya programu na kukagua mitandao.

Jambo linalotuhusu sisi

Huenda unajiuliza, haya yananihusu nini mimi mtoto wa Kayole? Yanakuhusu sana. Lugha hizi zina desturi moja: kisichoandikwa huhesabiwa kuwa si kweli. Katika mfano wetu hakuna habari ya matatu ya kutoka Kayole moja kwa moja hadi Ngong, kwa hiyo mashine itasema hakuna. Kwa matatu si neno. Kwa binadamu je?

Huko kaskazini mashariki mwa nchi yetu, hasa Garissa, ukame na njaa viliwafanya Wakenya wengi kujiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Wengi waliandikishwa wakiwa watoto wadogo. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zikaonekana katika hifadhidata ya wakimbizi. Kanuni ilikuwa fupi: aliye katika orodha hiyo si raia. Maelfu wakanyimwa vitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Hesabu ya mashine haikuwa na kosa hata kidogo. Ila kanuni ilisahau kwamba mtu anaweza kuwa raia NA pia awe na njaa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Boole. Hesabu yake haina huruma wala chuki. 0 ni 0 na 1 ni 1. Anayeandika kanuni ndiye anayepaswa kuwa na huruma, na ni lazima awe ameishi na watu ili ajue kesi zote. Kama sisi wa Eastlands tutakimbia hisabati, kanuni zitaandikwa na watu wasiojua kwamba wapangaji wawili wanaweza kutumia lango moja, au kwamba mtoto anaweza kulelewa na shangazi huku wazazi wake wote wako hai mashambani. Fomu itauliza mzazi au yatima, na huyo mtoto atakosa pa kujitia.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Kidato cha Tatu na nyinyi wadogo wetu, tusiseme ati hatuna vitabu vya kutosha ndiyo maana hatuwezi. Mwana wa mshona viatu alikuwa na kitabu kimoja kwa miezi kadhaa, akakimaliza, akatafuta kingine. Nanyi walimu wetu wapendwa, huyu alikuwa mwalimu aliyetembea kwenye mvua ili asikose kipindi. Hatuwaombi mlowe hivyo, tunawaombea mwavuli! Penye nia pana njia.